Mikumi Haimo Kwenye Orodha

Hebu tufanye jaribio dogo kabla hujaendelea. Nakupa majina saba: Kilimanjaro, Manyara, Katavi, Mikumi, Serengeti, Ruaha, Udzungwa. Yote ni hifadhi za taifa na yote unayajua. Sasa chukulia kuna kampuni huko mbali, tuseme inauza mabegi ya safari, inayotaka mojawapo ya majina hayo liwe mkia wa anwani za intaneti. Mkia ni kile kipande kinachokaa baada ya nukta ya mwisho, pale tulipozoea kuona .com au .tz. Ni majina yapi ambayo kampuni hiyo italazimika kuja kuyaombea barua kwa serikali yetu, na ni yapi inaweza kuyaomba bila kubisha hodi kwa mtu?

Jibu: matatu ya mwanzo yanahitaji barua. Manne yaliyobaki hayahitaji.

Sababu si umaarufu, maana Serengeti inajulikana kuliko Katavi mara mia. Sababu ni kwamba Kilimanjaro, Manyara na Katavi ni majina ya mikoa pia, na mikoa yetu imo kwenye orodha ya kimataifa inayoitwa ISO 3166-2. Mikumi si mkoa. Ni mji mdogo wa wilaya ya Kilosa kwenye barabara kuu ya Iringa, pamoja na hifadhi iliyo jirani yake. Na Kilosa yenyewe ni wilaya, wakati ile orodha inaishia kwenye mikoa. Utaikuta Morogoro imeandikwa TZ-16, halafu basi. Hakuna kinachoingia chini zaidi ya hapo.

Kitabu kinachoweka sheria hii ni Mwongozo wa Mwombaji wa ICANN, shirika la California linalosimamia majina ya intaneti duniani. Toleo la 2012 lina kurasa zaidi ya 300. Nimelisoma lote, tena mara mbili. Mara ya pili nilikuwa Mikumi nikisubiri basi, nikinywa chai mbele ya nyumba ya wageni ambayo kibao chake kina namba tatu za simu na hakina anwani ya tovuti hata moja. Leo nataka nikuchambulie kitabu hiki kama mtu anavyochambua riwaya, kwa sababu awamu mpya ya maombi ilipangwa kufunguliwa Aprili 2026 na misingi yake mingi ni ileile.

Kwanza tuelewane huo mkia unafanya kazi gani. Ukiwa Kilosa ukaandika kwenye simu anwani inayoishia na .co.tz, simu haijui seva hiyo iko wapi. Inauliza mashine ya mtandao wako wa simu. Mashine hiyo, kama haina jibu kwenye kumbukumbu yake, inauliza mzizi: nani anaijua .tz? Mzizi haujui tovuti yako wala haujali. Unajua kitu kimoja tu, yaani mikia iliyopo na seva za kila mkia. Mzizi una majina 13 ya seva, kuanzia A hadi M, lakini nakala zake zaidi ya elfu moja zimetawanyika duniani, kwa hiyo usifikirie kompyuta 13 zimekaa chumbani zinatoka jasho. Jibu likishapatikana linahifadhiwa, na majibu ya mzizi huruhusiwa kuhifadhiwa hadi siku mbili. Ndiyo maana mtu wa pili akiuliza .tz hapo Kilosa, hakuna anayesumbuliwa.

Sasa kuongeza mkia mpya ni kuongeza mstari kwenye faili la mzizi. Kiufundi ni mistari michache ya maandishi, faili lenyewe linaingia kwenye simu yako bila shida. Watu wa mitandao waliogopa kasi ya mabadiliko kuliko ukubwa, na ICANN ikaahidi kutozidisha mikia 1,000 kwa mwaka. Awamu ya 2012 ilileta maombi 1,930, na mwishowe mikia zaidi ya 1,200 ikaingia. Mzizi haukuanguka. Kwa hiyo swali la kisayansi lilijibiwa mapema. Lililobaki ni la nani aandike ule mstari, na nani aulizwe kabla.

Hapo ndipo kitabu kinapotegemea orodha. Nitawatetea kidogo waandishi wake: orodha ina faida. Mtu yeyote popote anaweza kuisoma na kujua mapema kama jina lake lina shida. Bila orodha, kila neno litakuwa mto wa mtu fulani au kijiji cha babu yake fulani. Ila angalia inavyokata. Pwani ni mkoa wetu, TZ-19, kwa hiyo mtu wa Mombasa anayetaka .pwani kwa ajili ya watu wa mwambao wote, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, atahitaji barua kutoka Dodoma. Mara nayo ni mkoa, ingawa neno hilo ni jina la mabinti wengi Ulaya, na ni neno la kawaida kabisa katika kila sentensi ya pili ya Kiswahili. Hayo yanalindwa. Serengeti, ambayo dunia nzima ikiisikia inaona nyumbu wetu, iko wazi.

Kuna kifungu cha miji, na kwa Kilosa ni muhimu. Ukiomba jina la mji ukasema wazi kwamba unalitaka kwa shughuli za mji huo, unahitaji barua ya serikali husika. Usiposema hivyo, ukaandika kwamba ni jina la bidhaa yako, hitaji hilo linaondoka. Yaani ulinzi wa mji wa Kilosa unategemea mwombaji mwenyewe akiri kwamba anaufikiria mji wa Kilosa. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu kama mwehu.

Unaweza kuniambia nakuza mambo, nani atake .mikumi? Haya, twende Amazon. Kampuni ya Amazon iliomba .amazon mwaka 2012. Brazil ina jimbo la Amazonas kwenye orodha, na Peru inao mkoa wa jina hilohilo. Lakini Amazon bila zile herufi mbili za mwisho haimo, na sheria inataka jina lilingane herufi kwa herufi. Kwa hiyo mto mkubwa kuliko yote kwa wingi wa maji ukapita katikati ya matundu ya orodha. Brazil na Peru zilitoa tahadhari ya mapema Novemba 2012, Kamati ya Ushauri ya Serikali ikashauri mkia huo usitolewe, ICANN ikakataa ombi 2014. Kampuni ikaenda kwenye jopo la usuluhishi, ikashinda 2017, na mwaka 2020 .amazon ikaingia kwenye mzizi ikiwa mali ya kampuni. Patagonia ilikwenda tofauti: kampuni ya nguo yenye jina hilo iliondoa ombi lake mwaka 2013 baada ya Argentina na Chile kupiga kelele. Kesi mbili zinafanana, matokeo tofauti, na kilichotofautisha ni uvumilivu wa mwombaji na ukubwa wa mfuko wake. Brazil na Argentina zina wanadiplomasia wa kutosha kufuatilia mkutano baada ya mkutano kwa miaka. Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa ina Mkondoa unaofurika kila mvua zikizidi. Huwezi kuilaumu ikiwa haifuatilii California.

Sura ya foleni, kwangu mimi, ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Maombi 1,930 hayawezi kukaguliwa siku moja, lazima yapangwe mafungu. Unadhani wataalamu wa majina ya intaneti walibuni njia gani? Mchezo wa kulenga shabaha. Sikutanii. Waliuita upigaji mishale wa kidijitali. Mwombaji anachagua muda, tuseme saa sita kamili na sekunde sifuri, kisha anabonyeza kitufe, na yule ambaye ujumbe wake utaifikia seva karibu zaidi na muda aliochagua ndiye atakayetangulia. Ulifunguliwa Juni 2012.

Wewe kaa Mikumi ucheze mchezo huo. Chukulia seva iko Los Angeles, yalipo makao makuu ya ICANN. Umbali kutoka Dar es Salaam kwa mstari wa moja kwa moja ni kama kilomita 16,000. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakwenda kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo ujumbe unachukua milisekunde 80 kufika hata kama kebo ingenyooka kama rula, na kebo hainyooki, inazunguka mabara. Watu wengi wakaishia hapo kusema mchezo unawaonea walio mbali. Ngoja kwanza. Umbali peke yake si kosa. Ukijua ujumbe wako unachelewa milisekunde 200 kila mara, unabonyeza milisekunde 200 mapema, mambo kwisha, kama mpiga manati anayelenga mbele kidogo ya ndege. Tatizo ni kuyumba. Mtandao wa simu wa Mikumi leo unakupa 200, dakika ijayo 340, gari la mizigo likipita na abiria wote wakafungua video unapata 600. Huwezi kulenga mbele ya ndege anayeruka kama mlevi. Mwenye seva ya kukodi jirani na seva ya ICANN anayumba kwa milisekunde moja au mbili, basi ameshinda. Kwa hiyo mchezo ulipima nani ana hela ya kukodi mashine nzuri mahali pazuri, na waombaji walianza kufanya hivyohivyo. Baada ya wiki mbili hivi ICANN iliusimamisha, kisha ikaufuta. Desemba 2012 wakafanya bahati nasibu ya tiketi za karatasi, dola 100 kila moja. Babu yangu angewaambia siku ya kwanza wachanganye vikaratasi kwenye kofia.

Naandika haya kwa urefu kwa sababu nimechoka kusikia kwamba sisi hatushiriki kwa kukosa utaalamu. Utaalamu ulikuwepo mezani, na ukazaa mishale.

Hela sasa. Ada ya 2012 ilikuwa dola 185,000 kwa ombi moja. Awamu mpya ni dola 227,000, na ukikadiria dola kwa shilingi 2,500 hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 567, kabla hujanunua seva wala kumlipa mwanasheria. Ukishinda kuna ada ya mwaka, ambayo kwa mikataba ya 2012 ilianza na dola 6,250 kila robo. Kulikuwa na punguzo kwa wasio na uwezo, ada ya dola 47,000. Dunia nzima walioomba punguzo hilo ni watatu, akapita mmoja. Afrika yote ilitoa maombi 17 kati ya 1,930, na sehemu kubwa ilitoka Afrika Kusini, yakiwemo ya king'amuzi: .dstv, .supersport na ndugu zao. Cape Town, Johannesburg na Durban zilipata mikia yao, kwa barua za miji yenyewe, na hapo kile kifungu cha miji kilifanya kazi vizuri. Afrika Mashariki hakuna mji wenye mkia mpaka leo.

Awamu hii punguzo limepanda, asilimia 75 hadi 85. Ni hatua, sikatai. Lakini asilimia 15 ya 227,000 bado ni dola 34,050, na Mwongozo umetafsiriwa katika lugha za Umoja wa Mataifa ambazo Kiswahili si mojawapo. Kuna sheria mpya pia kwamba umoja na wingi wa neno moja katika lugha moja visikae pamoja kama mikia miwili. Mwaka 2012 .car na .cars zilipita zote, ikaleta mkanganyiko. Sheria nzuri. Ila mwenzangu wa misitu alinikumbusha kwamba mikumi ni wingi wa mkumi, yule mnazi-pori mrefu ulioipa hifadhi jina. Kiingereza kinaweka wingi mkiani, sisi tunauweka kichwani. Lazima mtu anyooshe mkono aseme .mkumi na .mikumi ni neno moja. Nani huyo, kama hakuna anayesoma?

Watetezi wa utaratibu huu watakutajia .africa kama ushahidi kwamba bara lilisikilizwa. Twende nayo taratibu. Mwaka 2009 Tume ya Umoja wa Afrika iliipa DotConnectAfrica, taasisi ya Sophia Bekele yenye ofisi Nairobi, barua ya kuunga mkono. Mwaka 2010 barua ikafutwa. Umoja wa Afrika ukatangaza zabuni, wakachaguliwa wa Afrika Kusini, ambao leo ni ZACR. Wote wawili wakaomba 2012. Kwa jina la bara sheria inadai uungwe mkono na asilimia 60 ya serikali, na pasiwe na pingamizi zaidi ya moja. Ombi la DotConnectAfrica likakwama, jopo la usuluhishi likasema Julai 2015 kwamba ICANN ilikiuka kanuni zake yenyewe, kesi ikahamia mahakama ya California, zuio likawekwa na kuondolewa, na mkia ukaingia kwenye mzizi Februari 2017.

Miaka karibu mitano, na mvutano wote ulikuwa juu ya barua. Nani aliandika, nani alifuta, barua ya tume inahesabika kama barua za nchi ngapi. Mimi nadhani ZACR walikuwa na haki zaidi ya kuendesha mkia ule, kwa sababu serikali nyingi ziliwaunga mkono kwa utaratibu ulio wazi kuliko ule wa 2009. Lakini katika makaratasi yote niliyosoma sikuona mahali pameulizwa kama mwenye duka wa Kariakoo anahitaji .africa na ataifanyia nini.

Nikakutana na jibu la kiufundi mwenyewe. Nilifungua barua pepe inayoishia na .africa, nikajaza fomu ya mtandaoni ya ofisi moja hapa nchini. Ikanijibu kwa wekundu: barua pepe si sahihi. Nikaijaza tena, tena. Programu ya fomu ile iliandikwa zamani, ikiamini kwamba mkia una herufi mbili hadi nne. Africa ina sita.

Kama umewahi kufika Kidatu utaelewa haraka. Reli ya zamani inatoka Kilosa, inapita Mikumi, inashuka Kidatu kukutana na TAZARA. Ya kwetu upana wake ni milimita 1,000, ya TAZARA ni 1,067. Milimita 67 tu, pungufu ya upana wa kiganja, lakini behewa halivuki. Lazima mzigo ushushwe upakiwe upya. Mkia mpya uko hivyo. Mzizi unaupokea siku hiyohiyo, seva zinajibu vizuri, halafu unafika kwenye fomu ya ofisi na mzigo unagoma. Mwongozo wa 2012 unamwonya mwombaji kwamba mkia wake unaweza kutokubalika na programu za watu, kisha unaendelea na mambo mengine. Mzigo umeachwa kwa yule wa mwisho, yaani wewe unayejaza fomu.

Kwetu nyumbani hatujafanya miujiza pia. Chini ya .tz kuna vigawanyo 12. Zile za zamani unazijua: .co.tz, .or.tz, .ac.tz, .go.tz na wenzake. Halafu zikaongezwa nyingine, kama .me.tz, .mobi.tz, .tv.tz na .hotel.tz. Hii ya mwisho ingepaswa kuwa imetengenezwa kwa ajili ya Mikumi hasa, mji unaoishi kwa vitanda na chipsi za wasafiri. Nilitembea barabara kuu kutoka mwanzo wa mji hadi mwisho nikisoma vibao. Namba za simu, WhatsApp, anwani chache za gmail, .com mbili tatu. Sikuona .hotel.tz hata moja. Nilimuuliza dada mmoja wa mapokezi kama anaijua. Akaniuliza, "Hiyo ni kampuni ya nani?" Swali zuri kuliko mengi niliyoyakuta kwenye zile kurasa 300.

Kenya mwaka 2017 walifungua usajili wa moja kwa moja chini ya .ke, bila kulazimisha .co katikati. Uganda nako unaweza kupata .ug tupu. Kama unaniuliza mimi, mwenye nyumba ya wageni Mikumi akipata jina fupi chini ya .tz kwa bei ya vocha za mwezi, amefaidika kuliko akiletewa .mikumi. Sitetei wilaya ikatafute milioni mia tano na kitu. Mkia wa Kilosa hauna biashara ya kuulipia.

Ninachodai ni kidogo, na hakihitaji kubadilisha mzizi wa intaneti. Orodha iruhusu nchi kuongeza majina yake yenyewe mapema, kwa idadi yenye ukomo, tuseme 50 kila nchi, ikichagua kati ya hifadhi, mito na miji. Nchi yenye mito mingi itabidi ichague, na hilo litazuia watu kuweka kila kijiji. Ombi likigusa jina lililomo, mwombaji apate barua au aache. Kwa upande wa Amazon hilo lingemaliza ugomvi wa miaka nane katika siku moja, kwa ndiyo au kwa hapana.

Hilo halitakuwepo kwenye awamu hii. Kilichopo ni kwamba dirisha likifungwa, ICANN huchapisha majina yote yaliyoombwa hadharani. Mwaka 2012 ilikuwa Juni 13, na umma ukapewa siku 60 za maoni ya kuzingatiwa na wakaguzi, bila kulipia chochote. Kwa hiyo orodha ikitoka, usianze na jina la kampuni unayoipenda. Nenda herufi K, kisha M, kisha R na S, na kama uko Kilosa au Mikumi na una bando la kutosha kufungua faili refu, tuandikie hapa chini utakachokikuta.